Look After: Mpunga wa Mama na Ndama wa Jirani

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu si mzuri, na kuna herufi ambazo huwa naziruka bila kujua. Niliishia darasa la nane. Naandika polepole, nasimama kila mara kuangalia kama neno limekaa sawa, na hata likikaa vibaya mimi silioni. Ukikuta kosa, tafadhali lipite uendelee mbele. Naamini maana utaipata.

Nataka kueleza maneno mawili ya Kiingereza yalivyoingia nyumbani kwetu. Sisi ni wakulima wa kandokando ya Tana, si mbali na Garsen. Maneno yenyewe ni "look after". Nilikuwa nimeyaona katika vitabu vya shule, lakini sikuwahi kuyatumia kwa kitu changu mwenyewe.

Kila Jumamosi alasiri kulikuwa na masomo ya Kiingereza kwa watu wazima, katika darasa moja la shule ya msingi. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza chuo na bado anangoja kazi. Alisema amechoka kukaa bure. Waliokuja walikuwa wauza maziwa, vijana wawili wa bodaboda, mama mmoja wa hoteli, na mimi. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango. Nikiulizwa swali mbele ya watu sauti hunipotea. Kama jibu silijui, afadhali. Nikilijua ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu naogopa kuliharibu.

Mbele kabisa alikaa jirani yangu. Ni Mworma, wa wafugaji wa huku kwetu, amenizidi miaka michache, ameolewa na ana mtoto mmoja mdogo. Boma lao liko nyuma ya mashamba yetu, pale vichaka vya mathenge vinapoanzia. Asubuhi huuza maziwa Garsen, na alitaka Kiingereza kwa ajili ya wasafiri wanaoshuka pale stendi na kuuliza maswali. Yeye haogopi mtu. Huniita mdogo wangu.

Mwalimu alikuwa na sharti moja. Kila wiki alitupa maneno, tukayapeleka nyumbani, na Jumamosi iliyofuata kila mtu alileta sentensi zake. Sentensi zilitakiwa ziwe za kweli.

"Sitaki paka amekaa juu ya mkeka," alisema. "Nani hapa ana paka wa mkeka? Leteni mambo yenu."

Siku ya "look after" aliyaandika maneno hayo ubaoni, kisha akatupa mfano: "The nurse looks after the patient." Muuguzi anamwangalia mgonjwa. Halafu akageuka na kutuuliza kwa Kiswahili.

"Mtoto tunamfanyaje?"

"Tunamlea," wakasema.

"Mgonjwa?"

"Tunamuuguza."

"Ng'ombe?"

"Tunamchunga!" Hapo jirani yangu aliwashinda wote kwa sauti.

"Na mpunga ukianza kuzaa?"

Wengi wao hawalimi mpunga. Mimi nilisema chini chini, karibu na meza, "Tunaamia."

"Huyu wa nyuma anasema tunaamia!" jirani yangu akapaza sauti. "Mwalimu, mwambie aseme tena, ana sauti ya kifaranga."

Mwalimu alieleza mwenyewe kwamba kuamia ni kukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kufukuza ndege mpaka mavuno. Kisha akasema kazi zote hizo, kwa Kiingereza, mtu anaweza kusema "look after".

"Mtoto, mgonjwa, ng'ombe na mpunga?" jirani yangu akauliza. "Neno hilo hilo?"

"Hilo hilo."

"Basi huko kwao kazi ni chache."

Darasa likacheka. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Na pikipiki?"

"Hata pikipiki."

"Na mke?"

"Wewe mkeo ndiye anakuangalia," jirani yangu akamjibu bila kugeuka. "Akienda kwao siku moja, wewe unakuja darasani na kiatu kimoja."

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na yeye. Njiani alikuwa akionyesha vitu kwa kidole na kuniamuru nitunge sentensi. Tuliwapita punda wawili, tukampita mzee aliyelala karibu na magunia yake ya maembe. "The old man looks after the mangoes," nilisema. Nikiwa na yeye peke yake sauti yangu hutoka.

"Uongo," akasema. "Maembe ndiyo yanamwangalia yeye. Si unaona yameamka?"

Nyumbani mama aliniuliza tumefundishwa nini. Mama hakusoma, lakini kila Jumamosi lazima aulize. Nilimweleza. Alilirudia neno mara chache, likatoka kwa namna yake: luku afta. Likampendeza. Kesho yake alfajiri aliniamsha kwa kunipiga kwenye wayo.

"Amka ukaluku afta mpunga."

Tangu siku hiyo neno hilo likawa lake. Sufuria ikiwa motoni, "Luku afta hiyo, naenda kuchota maji." Kuku akitoka na vifaranga, "Kaluku afta, mwewe yuko juu." Nilijaribu kumweleza kwamba Kiingereza hakiendi hivyo. Akasema yeye hakipeleki kwa Mwingereza, anakipeleka kwangu, na mimi nimeelewa.

Sasa nieleze habari ya mpunga, kwa sababu ndiyo habari yenyewe.

Mwaka uliotangulia maji ya mto yalipanda mapema na kuchukua kila kitu tulichopanda. Hatukuvuna hata konzi moja. Mbegu ya msimu huu mama aliiomba kwa dada yake, tukaipanda bondeni maji yalipopungua. Ilikubali vizuri. Ilipoanza kutia maziwa, ndiyo kusema punje bado ni laini na ukiiminya inatoa ute mweupe, mama alinipeleka shambani akanisimamisha kwenye tuta.

"Unaona hii?" alisema. "Ndiyo chakula chetu na ndiyo mbegu yetu. Ikipotea na hii, mimi nitalima vibarua, na wewe utakwenda kwa shangazi yako Madogo, ukamsaidie kuuza chai."

Shangazi yangu si mtu mbaya. Lakini Madogo ni mji wa malori na watu wasioisha, na kazi ya kibanda cha chai ni kuongea na watu kutwa nzima. Mama alijua kwamba hakuna kitu ninachokiogopa zaidi. Hakusema hivyo kunitisha. Tulikuwa hatuna njia nyingine.

Kwa hiyo nilikaa juu ya dungu tangu kunapopambazuka mpaka ndege wanapokwenda kulala. Ndege wanaotusumbua ni kwelea. Mmoja mmoja ni kitu kidogo tu, anaenea kwenye kiganja. Lakini hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama moshi, wanageuka pamoja, wanashuka pamoja, na wakishuka mahali kwa muda wa mtu kula chakula chake, mahali hapo pamekwisha. Nilikuwa na kombeo na rundo la madonge ya udongo mkavu. Kamba zilitoka kwenye dungu mpaka pembe zote za shamba, zimefungwa makopo na vipande vya mabati. Ukivuta huku, kunalia kule.

Kazi hiyo inanifaa. Mtu aliye juu ya dungu haulizwi kitu. Nilitunga sentensi zangu kichwani, nikazisema kwa mpunga.

Asubuhi moja jirani yangu alikuja akikimbia, mtoto mgongoni. Alisimama kwenye tuta la mpaka. Hakuingia shambani. Wafugaji wenye adabu hawakanyagi shamba lililopandwa, hata wakiwa hawana ng'ombe.

"Mdogo wangu! Mtoto homa hii siku ya pili, amekataa kunyonya. Nampeleka hospitali ya Hola."

"Pole. Nenda upesi."

"Nitaenda. Lakini ndama."

Hapo ilibidi anieleze, kwa sababu mimi najua mpunga, sijui ng'ombe. Mume wake alikuwa mbali na ng'ombe wasiokamuliwa, upande wa Chewele, akitafuta malisho. Hapa nyumbani walibaki wale wa maziwa na ndama wao. Mchana ng'ombe wa maziwa huchungwa na baba mkwe wake, ambaye ni mtu mzima. Ndama lazima wakae mbali na mama zao, la sivyo watanyonya kutwa na jioni hakuna kitu cha kukamua. Ndama huchungwa na yeye mwenyewe, kwenye ule ukanda wa majani kati ya shamba letu na mto.

"Wewe uko huku juu, unaona kila kitu," alisema. "Wako watano tu. Wanakula, wanalala, wanakula. Mzee atawachukua jioni. Wewe si ndiye bingwa wa look after? Sasa look after."

"Na ndege?"

"Macho mawili, mdogo wangu. Moja la ndege, moja la ndama."

Alicheka, lakini uso wake ulikuwa umechoka, na kichwa cha mtoto kililala begani mwake bila nguvu. Nilisema sawa. Yeyote angesema sawa.

Siku ya kwanza ilikuwa kama alivyosema. Ndama walikula na kulala. Mmoja alikuwa na sikio lililochanika, na huyo ndiye aliyetaka kujua kila kitu: akalamba makopo yangu ya pembeni, akatafuna kamba. Nilimrushia donge dogo, akaja kulinusa. Jioni mzee alikuja kuwachukua, akawahesabu kwa fimbo, akaniambia ahsante kwa Kiorma na kwa Kiswahili. Nilifurahi. Nilikuwa na sentensi mbili za kweli kwa ajili ya Jumamosi.

Siku ya pili jua lilikuwa kali sana. Karibu na saa sita ndama waliacha kula. Walisimama wakiwa wameelekeza pua upande mmoja, upande wa mto. Pale kuna malka, njia ambayo ng'ombe huteremkia kunywa maji. Ng'ombe wakubwa hushuka wengi pamoja na watu wakipiga kelele. Ndama peke yao ni jambo jingine. Wiki chache kabla, mamba alikuwa amechukua mbuzi mahali hapo hapo, mchana.

Yule wa sikio akatangulia. Wengine wakamfuata.

Nilipiga kelele. Niliwaita kwa kila jina nililolijua. Sauti yangu haikufika hata nusu ya njia. Nilishika kombeo niwatupie mbele yao ili warudi, na ndipo nilipousikia ule mvumo nyuma yangu. Si wa mabawa hasa, ni kama upepo unaopita kwenye majani makavu, na siku ile hapakuwa na upepo. Kwelea walikuwa wanageuka juu ya matete, upande wa pili wa shamba.

Sikufikiri sana. Watu wameniuliza baadaye nilifikiri nini, na ukweli ni huo. Nilivuta kamba zote mara moja, makopo yakalia, ndege wakapanda kidogo. Nikaruka chini nikakimbilia mtoni.

Niliwakuta wanne wamesimama kwenye mteremko. Wa sikio alikuwa ameshafika chini, na hakuwa amefika majini. Alikuwa amezama kwenye tope mpaka tumbo. Alikuwa kimya, ananitazama tu. Maji yalikuwa umbali wa mtu kulala na kunyoosha mikono. Nilivua kanga ya juu nikaipitisha chini ya kifua chake, nikafunga, nikavuta. Hakuja. Nikachimba kwa mikono kuzunguka miguu yake, nikavuta tena. Kila mara niliangalia maji. Wale wanne walianza kushuka kutuangalia, nikawarudisha kwa kuwarushia tope, kisha nikaanza upya. Mguu mmoja ukatoka, halafu wa pili, halafu akajitupa mwenyewe na kuniangusha chali.

Nilipowarudisha juu, nilisikia bati likipigwa. Mama alikuwa juu ya dungu. Alikuwa ameniletea chakula, akakuta dungu tupu na shamba limefunikwa na ndege.

Mpunga wenye punje huinamisha kichwa. Ukitaka kujua ndege wamekula wapi, huhitaji kuingia shambani, angalia tu palipo wima. Upande wote wa matete ulikuwa umesimama wima.

Mama hakushuka. Aliniuliza kutoka kule juu.

"Ulikuwa wapi?"

"Ndama walikwenda mtoni."

"Ndama wa nani?"

"Wa jirani."

"Na mpunga wa nani?"

Nilikuwa na tope mpaka kwenye nywele, na ndama wa sikio alikuwa akiilamba kanga yangu.

"Nakuuliza kitu," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua. "Hiyo luku afta yako, mtu mmoja anaifanyia vitu vingapi?"

Jioni alisema mengine, kwa ufupi. Kesho hakuna ndama. Jumamosi hakuna Kiingereza. Kuhusu Madogo hakusema kitu, na kwa sababu hakusema nilijua anaifikiria. Kilichobaki, kama ndege wangetuachia chote, kingeweza kutosha. Kama tungepoteza sehemu nyingine, kisingetosha, na mbegu ingeliwa.

Mjomba alikuja kututembelea. Kwetu mifugo ikiingia shambani kuna utaratibu. Wazee wa upande wetu na wazee wa wafugaji hukutana pale pale, hutembea mahali palipoliwa, wakabishana, wakakubaliana mwenye mifugo atoe nini. Mjomba alitembea mwenyewe kando ya matete, akarudi akikuna kidevu.

"Wangeingia hawa ndama wakala, tungekuwa na kesi nzuri kabisa," alimwambia mama. "Sasa wameingia ndege. Mwenye ndege ni nani tumwite?"

"Hakuna kesi," mama akasema.

"Hakuna. Ndama hawajala hata jani. Mwanao kawaangalia vizuri mno."

Mama hakucheka. Alichukua kombeo akapanda dungu mwenyewe.

Jirani yangu alirudi kutoka Hola mtoto akiwa amepona, amekonda lakini anataka kila kitu. Mzee alikuwa ameshamweleza. Asubuhi yake alikuja, akasimama kwenye tuta la mpaka kama siku ile. Mimi nilikuwa chini nikifunga upya kamba zilizotafunwa. Mama alikuwa juu.

"Hamjambo huko juu," akasema.

"Hatujambo. Mtoto?"

"Mzima. Anapiga watu. Mama, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Ndama wangu wote wazima, na mpunga wako umeliwa."

"Umesikia sawa."

"Kama ni ng'ombe wamekula, mimi najua la kufanya. Tunaita wazee. Hii haina wazee."

"Haina," mama akasema. "Nenda kauze maziwa yako, mwanangu. Hukutuma ndege."

Jirani yangu hakwenda. Aliangalia ule upande uliosimama wima, akaangalia miguu yake, kisha akavua viatu akaviacha kwenye tuta. Akaingia shambani, akipita kwenye njia nyembamba mimi ninayopita, akinyanyua dira lake, lile gauni pana, ili lisiguse mpunga. Sikuwahi kumwona akitembea kwa uangalifu namna ile. Alifika chini ya dungu akainua uso.

"Shuka, mama. Nipande mimi."

"Upande wewe? Umewahi kuamia?"

"Sijawahi. Lakini nimewahi kupiga kelele."

Mama alijizuia, lakini nilimwona. Tabasamu lilimponyoka. Alishuka.

Kupanda kwenyewe kulikuwa shughuli. Dungu letu lina ngazi ya vijiti vitatu, na cha kati kinazunguka. Alipofika juu alikaa kama mtu aliyekaa mgongoni mwa ngamia kwa mara ya kwanza, ameshika nguzo kwa mikono miwili.

"Inatikisika!"

"Inatikisika tangu ilipojengwa," mama akamwambia. "Achia nguzo, shika kombeo."

Donge lake la kwanza lilianguka karibu na kichwa cha mama. La pili halikutoka kabisa. La tatu lilikwenda upande wa mto, ambako hakukuwa na ndege. Basi akaweka kombeo chini, akasimama, akatoa ile sauti wanayoitia ng'ombe jioni, ndefu, inayoanzia tumboni na kupanda mpaka inakatika. Ndege waliokuwa kwenye matete waliinuka wote. Walizunguka wakaenda kutua mbali, kwenye miti ya ng'ambo.

Mama alisimama na mkono kiunoni. "Haya," alisema. "Kumbe."

Siku hiyo hiyo vijana wawili wa Kiorma walipita kwenye njia ya malka na ng'ombe wao. Walimwona. Walisimama kabisa wamwone vizuri.

"Ee! Umehama? Leo umekuwa mkulima?" mmoja aliita kwa Kiswahili, makusudi, ili na sisi tusikie. "Jembe lako liko wapi?"

"Nimemwazima mama yako!" akajibu. "Na uwapitishe hao ng'ombe mbali na mpunga wangu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini, lakini ng'ombe waliwapitisha mbali.

Mama alikuwa akipalilia ndizi pembeni. Alinyoosha mgongo. "Umesema mpunga wa nani?"

"Nikiwa huku juu ni wangu," jirani yangu akasema. "Nikishuka ni wako."

Ndivyo tulivyoendelea mpaka mavuno. Alfajiri nilikuwa mimi juu ya dungu. Yeye aliuza maziwa, akirudi alipanda yeye, mtoto wake akamwachia mama chini kwenye kivuli. Mimi nilikwenda kuchunga ndama, na nilikaa kati yao na mto, si nyuma yao. Hilo alinifundisha yeye: ndama hachungwi kwa nyuma, anachungwa upande ule usiotaka aende. Mama alimfundisha kombeo. Hakulijua vizuri hata mwisho, lakini sauti ilitosha.

Jumamosi ikafika. Mimi nilikuwa nimeshakubali kwamba Kiingereza kimekwisha. Mchana jirani yangu alinipigia kelele kutoka juu.

"Mbona hujavaa? Darasa!"

"Mama amekataza."

Alimgeukia mama. "Mama, mmoja wetu lazima aende. Mimi nikienda, ndege. Akienda yeye, mimi niko, na ndama leo nimewafunga bomani."

Mama aliendelea kupepeta mchele wa kuomba tuliokuwa nao. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Aende. Lakini akirudi ataniambia wamesema nini."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Darasani mimi sikuwa na mdomo. Mdomo wangu ulikuwa umebaki juu ya dungu. Nilikwenda, nikakaa karibu na mlango, na mwalimu alipofika kwangu aliniuliza sentensi zangu, kisha akauliza na za mwenzangu ziko wapi.

Nilisimama. Nilikuwa nimeziandika kwenye kiganja. "My neighbour looks after our rice," nilisoma. "I look after her calves." Jirani yangu anaangalia mpunga wetu. Mimi naangalia ndama wake.

"Umezigeuza," akasema yule kijana wa bodaboda. "Yule ni Mworma. Mworma gani anaamia mpunga?"

"Mwalimu, ametunga huyo," akasema mwingine. "Si ulisema za kweli?"

Mwalimu alinitazama. Kwa desturi ningekaa chini. Lakini nilimkumbuka yule mtu aliyeshika nguzo kwa mikono miwili, na nikaona nikikaa nitakuwa nimemnyima sentensi yake.

"Za kweli," nilisema. Sauti ilifika mbele. "Yuko juu ya dungu sasa hivi. Anayebisha aende akaone. Na asikaribie sana, hajui kutupa."

Walicheka. Kijana wa bodaboda alikwenda kweli, jioni, na pikipiki yake. Alipigiwa kelele ambayo mpaka leo anaisimulia pale stendi.

Tulivuna kidogo kuliko tulivyotarajia siku ile mama aliponisimamisha kwenye tuta. Kabla ya kupika chochote mama alitenga mbegu, akaitia kibuyuni akaziba kwa majivu na kitambaa. Tulipotazama kilichobaki, alisema kitatufikisha, tukiwa na akili. Habari ya Madogo haikutajwa tena. Shangazi alipopiga simu kuuliza kama naja, mama alimjibu kwamba nina kazi. Akaulizwa kazi gani. Akasema, "Luku afta."

Baada ya mavuno wafugaji huja kuomba mabua, ng'ombe wao wale yaliyobaki shambani. Walikuja wengi mwaka huo, maana majani yalikuwa haba. Mama aliwaambia wangoje. Alimwita jirani yangu alete ndama kwanza. Aliingia wa sikio, wa kwanza kabisa, akaenda moja kwa moja upande wa matete, pale ndege walipokula, ambapo mabua yalikuwa bado marefu na mabichi kidogo. Mama alimtazama akila.

"Na yeye huyu," alisema, "alijua ndege wanamwekea mabua."

Jirani yangu alikuwa amekaa na mimi kwenye tuta, viatu mkononi. Akaniuliza Jumamosi inayokuja tumepewa maneno gani. Nikamwambia. Akasema hayo ni rahisi, na akaanza kutunga.

Sasa nina ombi. Utakayesoma hapa, nakuomba uniandikie, kwa njia ile ile iliyokuletea karatasi hii. Niambie kwenu unaangalia nini, mtoto au mgonjwa au mbuzi au duka, na wewe mwenyewe anakuangalia nani. Andika kwa Kiswahili, na uweke sentensi moja ya "look after". Iwe ya kweli. Mwandiko ukiwa mbaya kama wangu, si kitu. Nitasoma polepole, na jioni nitamsomea mama na jirani yangu.